Ndwele Aliyoiacha Mwingereza Iran

Twapenda kusema na wale ndugu zetu ambao, kila yanapotajwa madhila waliyofanyiwa Waislamu na madola ya Kizungu, hukimbilia kusema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii wazee walituachia kwa ajili ya ndugu wawili waliogombana wakataka kupatana. Hawakutuachia kwa ajili ya mwizi aliyekamatwa na mali mkononi. Mwizi akiisema yeye, tena kabla hajarejesha kitu, huwa ameongeza jeuri juu ya wizi.

Basi na tuitazame Iran, maana huko yaliyopita yamekuwa ndwele hasa. Wala asitwambie mtu kwamba wale ni Mashia na sisi ni Mashafii, yao hayatuhusu. Dhulma haina madhehebu. Tena watu wa pwani hii tuna udugu wa zamani na nchi ile: wako kwetu wanaojiita Washirazi mpaka leo, na maneno kama bandari na serikali tumeyapokea kutoka kwa Wafursi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Mwingereza hakuitawala Iran. Hakupandisha bendera yake Tehran, hakuweka gavana, hakukikalia kiti cha Shah. Msomaji atauliza: ikiwa hakuitawala, lawama ya nini? Ndugu yangu, hapo hapo ndipo ilipo sumu. Sisi tulimwona akiingia na tukamwona akitoka. Mwaka 1890 aliitia Unguja chini ya himaya yake kwa hati iliyojulikana, akaweka watu wake, na mwaka 1896 akapiga mizinga alipoona hakutiiwa. Desemba 1963 bendera yake ikashushwa Unguja, na siku mbili baadaye Kenya, watu wakiona kwa macho yao. Hata asiyeyafurahia yaliyofuata alijua kwamba fulani ameondoka. Mwirani hakuipata siku hiyo. Aliyemtia mkononi alimtia kwa karatasi, kwa fedha na kwa mnong'ono, mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Na mtu ambaye hakuonekana akiingia, nani atashuhudia kwamba ametoka?

Karatasi zenyewe zilikuwa nyingi. Mwaka 1872 Nasir al-Din Shah alimpa Baron Julius de Reuter, yule aliyeanzisha shirika la habari, ruhusa ya miaka 70 ya kujenga reli, kuchimba madini, kukata misitu, kuchimba mifereji, hata na kushika forodha. Ni kama mtu kuuza nyumba pamoja na kisima, minazi, na watoto waliolala ndani. Watu walighadhibika, na Warusi nao wakachukia kwa sababu zao, hati ikafutwa mwaka uliofuata. Lakini Reuter hakuondoka mikono mitupu: mwaka 1889 alipewa ruhusa ya kufungua Imperial Bank of Persia, benki ya Kiingereza iliyokuwa na haki ya kuchapa noti za nchi ya Waislamu.

Mwaka 1890, mwaka ule ule wa Unguja, na waziri mkuu kule London akiwa Lord Salisbury yule yule, Shah akampa Meja Talbot tumbaku yote ya Iran kwa miaka 50: kuinunua kwa mkulima, kuiuza ndani na kuipeleka nje. Malipo yalikuwa pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Wenye maduka wa Tabriz, Shiraz na Isfahan wakaona riziki yao imeuzwa wakiwa wamesimama. Ndipo Desemba 1891 ikatoka fatwa ya Mirza Hasan Shirazi, aliyekuwa akikaa Samarra, kwamba kuvuta tumbaku wakati ule ni kumpiga vita Imamu wa zama. Nchi nzima ikaacha kuvuta. Hata wake wa Shah ndani ya kasri waliweka viko chini. Mwanzoni mwa 1892 hati ikafutwa.

Masheikh wengi wakilisimulia tukio hili hukomea hapo, wakapiga takbiri. Mimi nataka tuendelee kidogo. Kampuni ilidai fidia, na Shah hakuwa nayo. Akakopa pauni 500,000, na aliyemkopesha ni nani? Ile ile Imperial Bank ya Waingereza. Hilo ndilo deni la kwanza la nje katika historia ya Iran. Mwingereza akafukuzwa mlangoni kwa fatwa, akarudi dirishani na daftari la riba. Watu walishinda, na wakalipia ushindi wao. Funzo kama hilo likimwingia mtu halitoki upesi.

Sasa njooni kwenye jambo lililowachoma kuliko tumbaku, nalo watu wengi hawalitaji. Mwaka 1906 Wairani walikuwa wamechoka na dhulma ya wafalme wao, wakataka bunge na sheria. Kuna ada kwao ya kukimbilia mahali pa hifadhi, msikitini au kwenye kaburi la mtu mtukufu, na aliyekimbilia pale hakamatwi. Katika majira ya joto ya mwaka ule wafanya biashara, mafundi na wanafunzi wa dini wa Tehran walikwenda kujihifadhi katika bustani ya ubalozi wa Kiingereza. Walizidi watu 12,000. Walipiga mahema, wakapika kwa masufuria makubwa, wakakaa wiki kadhaa, na Waingereza wakawaacha. Agosti Shah akakubali bunge. Watu wakasema, kumbe Mwingereza huyu ana uungwana, ametuhifadhi.

Haukupita mwaka mmoja na nusu. Tarehe 31 Agosti 1907, Mwingereza na Mrusi walitia saini mkataba mjini St. Petersburg wa kuigawa Iran mafungu: kaskazini, pamoja na Tehran na Isfahan, fungu la Mrusi, kusini mashariki, upande wa Kerman na Bandar Abbas, la Mwingereza, na katikati wakapaacha wazi kwa wote wawili. Wairani wenyewe hawakuulizwa. Na mwaka 1911, Mrusi alipoleta majeshi na kulitisha lile bunge changa mpaka likafungwa, Mwingereza hakulitetea.

Nawauliza wale wa "yaliyopita si ndwele": mgeni amekukimbilia nyumbani, ukampa maji, ukampa mkeka, naye akakuamini, kisha ukatoka mlango wa nyuma ukaenda kuuza shamba lake kwa jirani. Hilo jina lake nini? Kwetu sisi ni khiyana. Na khiyana ni mbaya kuliko wizi, kwa sababu mwizi hukuibia mali, na khaini hukuibia uwezo wa kumwamini mtu mwingine. Mali hurudi. Imani ikishatoka moyoni, ndugu zangu, kuirudisha ni kazi ya vizazi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana ni nguo ile ile kwa rangi nyingine. Mwaka 1919 Lord Curzon aliandika mkataba wa kuweka washauri wa Kiingereza juu ya fedha na jeshi la Iran. Waziri mkuu na mawaziri wenzake wawili walipewa tomani 400,000 kwa siri ili waupitishe, na bunge halikuupitisha kamwe. Mwaka 1921 Reza Khan, askari ambaye Jenerali Ironside wa Uingereza ndiye aliyemwinua juu ya kikosi chake, aliiteka Tehran, na mwaka 1925 akawa Shah. Mwaka 1941 majeshi ya Kiingereza na ya Kisovieti yakaivamia Iran, na Reza Shah huyo huyo akang'olewa, akachukuliwa mpaka Mauritius, kisha Johannesburg, akafia huko 1944. Redio ya BBC kwa Kifarsi, iliyoanza Desemba 1940, ndiyo iliyokuwa ikitangaza aibu zake kabla hajaanguka. Mkono ulioinua ndio ulioangusha. Mtu wa kawaida wa Tehran aliyeyaona hayo mawili katika umri wake mmoja, mwataka aamini kwamba kuna jambo linalotokea nchini mwake bila ya mkono huo?

Ama mafuta, hayo ndiyo kiini. Mwaka 1901 William Knox D'Arcy alipata ruhusa ya miaka 60 ya kutafuta mafuta karibu Iran yote, isipokuwa majimbo matano ya kaskazini. Alitoa pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni 20,000, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. Mei 1908 mafuta yakafoka mahali paitwapo Masjed Soleyman, yaani Msikiti wa Suleiman. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za kampuni, na toka hapo kampuni na serikali vikawa kitu kimoja: manowari za Mwingereza zilikwenda kwa mafuta ya Waislamu.

Asilimia 16 ya faida! Lakini faida huhesabiwa na nani? Huhesabiwa na mwenye daftari. Mwenye nchi hakuachiwa kulikagua daftari lile, na hilo lilikuwa lalamiko lake kwa miaka mingi. Mwaka 1933 mkataba ukaandikwa upya, ukasogezwa mpaka 1993. Ikafika hadi kodi ambayo kampuni ililipa kwa serikali ya London ikazidi mrabaha waliopewa wenye mafuta. Fikirini. Anayechimbiwa kisima anapata kidogo kuliko mtoza ushuru wa nchi ya mbali. Na kule Abadan, penye kiwanda cha kusafishia mafuta kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani, Waingereza walikaa katika nyumba zenye bustani, na vibarua wa Kiirani walikaa katika mtaa ulioitwa Kaghazabad, maana yake mji wa karatasi. Jina hilo lawafaa zaidi wale waliotia saini mikataba.

Machi 1951 bunge la Iran liliyataifisha mafuta, na Aprili Mohammad Mossadegh akawa waziri mkuu. Hakumwaga damu ya Mwingereza. Alitaka kulipa fidia kwa hesabu ya haki, akaenda mwenyewe mpaka mahakama ya kimataifa ya The Hague kujibu mashtaka ya Uingereza. Julai 1952 mahakama ikasema haina mamlaka juu ya kesi ile, na rais wa mahakama, Sir Arnold McNair, Mwingereza mwenyewe, alikuwa pamoja na walioamua hivyo. Nalitaja kwa makusudi. Mwadilifu tumtaje kwa uadilifu wake, hata akiwa wa upande wa pili.

Serikali yake haikuwa na uadilifu wake. Iliizuia Iran kuuza mafuta. Meli iitwayo Rose Mary, iliyopakia mafuta yale mwaka 1952, ilipelekwa Aden, bandari ambayo wazee wetu wa majahazi waliijua kama viganja vyao, na mahakama ya Aden chini ya Mwingereza ikahukumu kwamba shehena ni mali ya kampuni. Njaa ilipokuwa haikutosha, wakafanya fitina. Wapelelezi wa Uingereza, waliofukuzwa Tehran mwishoni mwa 1952, walikwenda kuwashawishi Wamarekani, wakawakabidhi watu wao waliokuwa wakiwalipa mjini. Tarehe 19 Agosti 1953 Mossadegh alipinduliwa. Mwaka uliofuata mafuta yakagawanywa upya: asilimia 40 kwa kampuni ile ya Kiingereza, asilimia 40 kwa makampuni ya Kimarekani, na iliyobaki kwa wengine. Wamarekani walikuja kukiri sehemu yao, serikali yao mwaka 2000 na shirika lao la kijasusi mwaka 2013. Serikali ya Uingereza, miaka 70 ilipotimia mwaka 2023, ilikuwa bado haijakiri rasmi. Nao ndio waliolianza jambo!

Haya ndiyo wanayotaka tuyasahau. Lakini sasa nageuka upande wa pili, na huenda baadhi ya wasomaji wasinipende.

Fedha za 1953 zilitoka nje, naam. Zilipokewa na nani? Zilipokewa na waandishi wa magazeti wa Tehran, wabunge wa Tehran, maaskari wa Tehran, na wahuni wa sokoni waliolipwa wapige makelele. Na sisi watu wa kilemba tusijifiche: Ayatollah Kashani, aliyesimama na Mossadegh katika kudai mafuta, alimwacha mkono kabla ya siku ile. Shah wa 1872 na wa 1890 hakulazimishwa kwa bunduki atie saini. Alikuwa akitaka fedha za kwenda kutembea Ulaya. Mlango ulifunguliwa kwa ndani.

Na hii ndiyo ndwele niliyoitaja. Khiyana iliyorudiwa miaka 80 imezaa dhana mbaya iliyoingia kila nyumba. Mwaka 1973 mwandishi wao Iraj Pezeshkzad alitoa riwaya ya kuchekesha juu ya mzee anayeona mkono wa Mwingereza katika kila jambo, mpaka ugomvi wa nyumbani. Wairani wote wakacheka, kwa sababu kila mmoja ana mjomba wa namna hiyo. Hata Shah wa mwisho, aliyerudishwa kitini mwaka 1953 na Waingereza na Wamarekani, alipoanza kuyumba mwaka 1978 aliilaumu BBC. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Simlaumu anayeshtuka. Namlaumu anayeuchukua ung'ongo akawatishia watu kwa makusudi, ili wasitoke ndani.

Maana baada ya 1979 waliosema wamemfukuza beberu waliona faida ya kumweka hai. Juni 2009 watu walipotoka njiani kuuliza kura zao zimehesabiwaje, waliambiwa ni fitina ya nje, na wafanyakazi wa Kiirani wa ubalozi wa Uingereza wakakamatwa. Septemba 2022 binti mmoja, Mahsa Amini, alifariki akiwa mikononi mwa askari wa maadili kwa ajili ya kitambaa cha kichwa, na waliomlilia wakaambiwa wametumwa na maadui. Nami ni mtu wa hijabu, nimeifundisha umri wangu wote. Lakini nauliza: binti wa Kiislamu hana kilio chake mwenyewe, mpaka akopeshwe na London? Suratul Hujurat imetukataza dhana nyingi na kupelelezana. Haikumtoa mwenye dola katika katazo hilo.

Na ugonjwa huu usidhaniwe ni wa Tehran peke yake. Barazani kwetu, sukari ikipanda ni njama ya Mzungu, shule ikianguka ni njama ya Mzungu. Mzungu ana njama zake, hilo nimeliandika hapa kurasa nzima. Lakini aliyeificha sukari ghalani ni Bwana Fulani tunayesali naye safu moja, naye hufurahi sana kusikia tukimtaja Mzungu.

Tazama deni la vifaru. Serikali ya Shah ilinunua vifaru vya Chieftain kwa Waingereza ikalipa kabla. Mapinduzi yakaja 1979, vingi havikupelekwa, na fedha hazikurudishwa kwa zaidi ya miaka 40. Suratul Maida imeanza kwa amri ya kutimiza mikataba, na hapa mwenye kujigamba kwa sheria alikalia amana ya watu umri wa mtu mzima. Je, upande wa pili ulifanya nini? Aprili 2016 ulimkamata mama mmoja mwenye uraia wa nchi zote mbili, Nazanin Zaghari-Ratcliffe, uwanja wa ndege pamoja na mwanawe mdogo, akashitakiwa njama dhidi ya dola. Machi 2022 Uingereza ililipa pauni milioni 393.8, na wakati huo huo mama yule akaachiliwa. Kila upande ulikana kwamba mambo haya mawili yalifungamana. Mmoja alizuia fedha, mwingine akazuia mtu, na mtoto akakua bila mama yake kwa miaka sita.

Mossadegh mwenyewe alifungwa miaka mitatu, kisha akawekwa kizuizini kijijini kwake Ahmadabad mpaka alipofariki Machi 1967. Alitaka azikwe pamoja na waliouawa Julai 1952 wakimtetea. Shah akakataa, na mzee akazikwa ndani ya nyumba yake, chini ya sakafu ya chumba. Machi 1979, mara tu Shah alipokwisha ondoka, watu kwa maelfu walikwenda kumzuru, na barabara ndefu ya Tehran iliyokuwa na jina la ukoo wa Pahlavi ikapewa jina lake. Haikuchukua muda, jina hilo nalo likaondolewa na wale wale waliokuwa wakiwahutubia watu kila siku juu ya uovu wa Mwingereza. Mpaka mwaka 2018 ndipo baraza la mji lilipompa barabara nyingine, fupi, ambayo zamani ikiitwa Naft, yaani mafuta.